Kipokezi cha Nani? Umbo na Maana katika Kuitaja Protini ya Uso wa Seli kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 1848, katika safari iliyomfikisha Kilema kwa Mangi Masaki, mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa msafara aliutaja weupe ule kwa neno moja tu, baridi, na Rebmann akaliandika neno hilo katika shajara yake pamoja na maoni yake mwenyewe kwamba kilichokuwa kikionekana kilikuwa theluji. Jibu la kiongozi huyo limezoeleka kusimuliwa kama kichekesho. Kwa mtazamo wa uundaji wa istilahi, hata hivyo, lina mantiki kamili: palipokosekana jina la kitu, lilitumika jina la kile ambacho kitu hicho humtenda mtu anayekikaribia. Istilahi nyingi za sayansi, za Kiswahili na za lugha nyingine, zimezaliwa kwa njia hiyohiyo. Hutaja kazi ya kitu kabla ya umbo lake kujulikana; na umbo linapojulikana baadaye, jina hubaki limebeba dai ambalo huenda si kweli tena.

Makala haya yanachunguza mojawapo ya istilahi za namna hiyo, yaani kipokezi, jina linalotumiwa kwa protini iliyo juu ya uso wa seli ambayo hushikana na molekuli fulani inayotoka nje. Yanaangalia hasa hali ambapo protini hiyo imetengenezwa maabara kwa matumizi ya utafiti. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni mojawapo ya vituo vikuu vya utafiti wa tiba nchini Tanzania, na watu wa miteremko ya Kilimanjaro wamezoea kuombwa damu kwa ajili ya uchunguzi. Itifaki ya utafiti huandikwa kwa Kiingereza. Maombi ya ridhaa husomwa kwa Kiswahili. Na katika vijiji kama vya Kilema, bibi anayeombwa damu ya mjukuu wake huenda akayatafakari maombi hayo kwa Kivunjo. (Kivunjo, itajwe kwa kupita, kinafahamika vizuri mno kwa wanasintaksia wa dunia tangu makala ya Joan Bresnan na Lioba Moshi ya mwaka 1990 kuhusu yambwa zake, umaarufu huo haujakipatia neno la protini.) Katika mfululizo huo wa lugha tatu, Kiswahili ndicho kinachobeba mzigo wa maana. Mzazi anapotia sahihi, hukubali kile alichokielewa kwa Kiswahili, hata kama itifaki inasema jambo jingine.

2.0 Kitu kinachotajwa

Mwaka 1894 Emil Fischer alitumia mfano wa kufuli na ufunguo kueleza jinsi kimeng'enya kinavyoshikana na kitu kinachokifanyia kazi. Paul Ehrlich, mwishoni mwa karne ya 19, alidhani kwamba seli ina viungo vya nje vinavyonasa sumu na virutubisho, na mwaka 1905 J. N. Langley wa Cambridge alizungumzia dutu pokezi katika misuli. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekiona kitu chenyewe. Walikikisia kutokana na athari zake, wakakipa jina la kazi, kama ilivyokuwa kwa baridi ya Kilimanjaro.

Leo inajulikana kwamba seli imezungukwa na utando wa mafuta, na kwamba protini nyingi zimeupenya utando huo: sehemu moja iko nje, sehemu imezama katika utando, na sehemu nyingine iko ndani ya seli. Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni dirisha la mapokezi hospitalini. Mgeni hujitambulisha akiwa nje. Kinachoingia ndani mara nyingi ni habari zake, na yeye mwenyewe huweza kubaki kwenye benchi.

Mfano mmoja halisi utatumika hadi mwisho. Juu ya seli zinazotanda upande wa ndani wa mishipa ya damu kuna protini inayojulikana kwa kifupi EPCR, iliyotambuliwa na Fukudome na Esmon mwaka 1994. Kazi yake ni kuishika protini C, ambayo ikiamshwa huzuia damu isigande ovyo. (Herufi C haielezi kazi yoyote: Johan Stenflo, mwaka 1976, aliita hivyo protini iliyotokea katika kilele cha tatu cha mchujo wake wa kromatografia. Waundaji wa istilahi wanaodai kila jina liwe wazi wangefaa kulikumbuka jambo hili.) Kwa takriban miaka 20 EPCR ilihusishwa hasa na elimu ya kuganda kwa damu. Mwaka 2013 Louise Turner, Thomas Lavstsen na wenzao, miongoni mwao Mtanzania John Lusingu, walichapisha utafiti ulioihusisha na malaria kali. Kimelea cha Plasmodium falciparum kikiwa ndani ya seli nyekundu ya damu huchomoza juu ya uso wa seli hiyo protini za jamii ya PfEMP1, ambazo kila kimelea kina jeni zake zipatazo 60. Kwa protini hizo seli yenye kimelea hunata kwenye ukuta wa mshipa na kukwepa kupita katika bandama, ambako ingeangamizwa. Watafiti hao waliijaribisha protini moja ya jamii hiyo mbele ya protini zaidi ya 2,500 za uso wa seli za binadamu ili waone itashikana na ipi. Ilishikana na EPCR. Aidha, ilipokwisha kushika, iliizuia protini C isipate mahali pake. Ushahidi wa jambo hilo ulitegemea pia vimelea vya watoto wagonjwa wa Tanzania, na ndiyo sababu mjadala wa jina hili si wa nadharia tupu kwa wakazi wa kaskazini mashariki mwa nchi.

Utafiti wa aina hiyo hauwezekani bila ya kuwa na kipokezi chenyewe mkononi, na EPCR haiwezi kukwanguliwa kwa wingi kutoka katika mishipa ya watu. Hutengenezwa. Mfuatano wa DNA unaoielekeza seli kuitengeneza hujulikana. Sehemu inayohusu kipande kinachozama katika utando huondolewa, ili protini isinase bali ielee. Na mara nyingi huongezwa mkia mfupi wa histidini sita. Mfuatano huo huingizwa katika plazimidi, yaani pete ndogo ya DNA, na pete hiyo huingizwa katika seli zinazokuzwa maabara. Bakteria Escherichia coli hukua upesi na kwa gharama ndogo, lakini hawawezi kuibandika protini sukari zile ambazo seli ya binadamu huibandika. Kwa sababu hiyo protini nyingi za uso wa seli hutengenezwa katika seli za mamalia, hasa zile ziitwazo CHO, zilizotokana na ovari ya hamsta wa China mwaka 1957, au HEK293, zilizotokana na figo ya kijusi huko Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Seli huitoa protini katika maji zinamokuzwa. Maji hayo hupitishwa kwenye mchujo wenye nikeli, ambayo huushika ule mkia wa histidini. Vitu vingine huoshwa vikaenda zake, na protini hubaki. Mwisho wake ni unga kidogo sana uliokaushwa kwa baridi, unaopimwa kwa maikrogramu, katika kichupa kisichozidi ukubwa wa kidole. Unga huo huyeyushwa na kutandazwa katika sahani yenye vishimo 96. Hapo ndipo damu ya mtoto inapohitajika: majimaji ya damu yake hutiwa kishimoni ili kuona kama yana kingamwili zinazoizuia protini ya kimelea isishikane na EPCR.

3.0 Kipokezi, kipokeo na risepta

Katika maandishi ya Kiswahili maumbo matatu yanashindania nafasi. Mawili ya kwanza yametokana na kitenzi pokea na yanatofautiana kwa kiambishi tamati tu. Kitenzi hicho kina konsonanti iliyodondoka: /l/ ya kale haionekani katika umbo la msingi, lakini hujitokeza katika baadhi ya minyambuliko, na hugeuka /z/ mbele ya kiambishi cha utendaji -i:

(1) a. lea, lelewa, mlezi
b. pokea, pokelewa, mpokezi
c. tetea, mtetezi
d. tembea, mtembezi

Kwa hiyo /z/ ya kipokezi ni alama ya mtenda. Kiambishi -o, kwa upande mwingine, hutoa ala, mahali au tokeo la tendo, kama katika kifuniko, kizibo, kipimo na kichujio. Lugha yenyewe imekwisha kuonyesha jinsi viambishi hivyo viwili vinavyogawana kitenzi hiki: mapokezi ni tendo la kupokea na mahali pake, mapokeo ni yale yaliyopokewa, yaani mila na desturi. Kipokeo, basi, huvuta upande wa chombo kisicho na hiari au hata wa kitu kilichopokewa, ilhali kipokezi huvuta upande wa kitu kinachopokea kwa asili yake. Istilahi za fizikia zilizoenea shuleni zinaunga mkono matumizi hayo ya -i, kwa mfano kipitishi na kihami, ambavyo ni vitu vinavyopitisha au kuzuia umeme kwa maumbile yake. Ni kweli kwamba kichocheo kimekwenda njia ya -o, na haina faida kujifanya kwamba utaratibu umefuatwa kila mahali. Lakini kwa kuzingatia miongozo kama ile ya Tumbo-Masabo na Mwansoko ya mwaka 1992, na vigezo vya Kiingi vijulikanavyo kwa kifupi PEGITOSCA, ambavyo hudai pamoja na mengine usahihi, uwazi na uwezo wa neno kuzaa maneno mengine, kipokezi kina nguvu kuliko kipokeo. Huzaa upokezi, -pokezi na mpokeo bila ya taabu.

Hata hivyo, uwazi huo una gharama yake. Katika maneno ya ki-...-i yenye asili ya utendaji, yaliyozoeleka sana ni majina ya watu: kiongozi, kinyozi. Msikilizaji asiye mwanasayansi hulipokea neno kipokezi likiwa na harufu ya hiari. Isitoshe, kupokea kwa Kiswahili ni adabu. Mgeni akifika hupokewa mzigo kabla ya kuulizwa habari za atokako, na nyumba isiyopokea wageni husemwa. Kusema kwamba mishipa ya mtoto ina vipokezi ambavyo kimelea cha malaria hufikia ni kusema, kwa masikio ya mama yake, kwamba ndani ya mwili wa mtoto kuna kitu kinachomkaribisha mgonjeshaji. Ukweli wa kibiolojia ni kinyume chake. EPCR ipo kwa ajili ya protini C. Kimelea hakikukaribishwa, kimekalia kiti cha mwingine. Kwa umbo, pokea inakaa jirani na poka na pokonya, vitenzi vya kunyang'anya, na katika malaria kali tendo linalotokea lina sura ya vitenzi hivyo huku jina likiendelea kusema pokea.

Jambo la pili linahusu kile kilichomo kichupani. Kilichokaushwa humo ni kipande cha nje peke yake. Kinashika, lakini hakina utando wa kukizuia wala seli nyuma yake ya kuipelekea habari. Kibandiko huandikwa jina zima, na mazoea ya Kiingereza huruhusu jambo hilo. Kiswahili hakilazimiki kuyafuata. Kipande cha nje cha kipokezi ni fungu refu kidogo, lakini ni la kweli, na mwanafunzi anayelisoma hatajiuliza kwa nini kipokezi hakikupitisha ishara yoyote katika sahani.

4.0 Utata wa -a unganifu

Tatizo zito zaidi haliko katika nomino. Liko katika kiungo kidogo kinachoifuata:

(2) a. kipokezi cha protini C
b. kipokezi cha mshipa
c. kipokezi cha binadamu
d. kipokezi cha malaria

Katika (2a) nomino ya pili ni yambwa: kinachopokelewa. Katika (2b) ni mahali. Katika (2c) ni aina ya kiumbe ambaye mfuatano wa jeni yake umetumika, ingawa msikilizaji ana haki ya kuelewa kwamba ni kitu kilichotolewa mwilini mwa mtu. Na (2d) haina uhusiano uliowekwa kabisa. Msikilizaji hutafuta mfano katika matumizi ya kila siku, na mifano anayoipata inapingana: dawa ya malaria huiondoa, chanjo ya malaria huizuia, mbu wa malaria huieneza, mgonjwa wa malaria anayo. Kiungo ni kilekile katika mafungu yote manne. Anayesikia kipokezi cha malaria kwa mara ya kwanza hana kitu cha kumwongoza isipokuwa hofu yake.

Mafungu hayo yakiunganishwa, hali huzidi: kipokezi cha protini C cha seli cha binadamu. Mwandishi anajua kila cha inarejelea nini, msomaji huhesabu.

Kiswahili kina njia ya kuliepuka tatizo hili, nayo imetumika kwa mafanikio katika kipimajoto, kipazasauti na kipokeasauti. Katika maumbo hayo kitenzi hubaki na irabu yake -a, na nomino inayofuata haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa yambwa yake:

(3) a. kipokea-protini C
b. *kipokea-mshipa (kwa maana ya kilicho mshipani)

Nafasi ya yambwa ikikwisha kujazwa hivyo, -a unganifu hubaki na kazi moja tu ya kuonyesha mahali: kipokea-protini C cha mishipa. Huo ndio umbo unaopendekezwa hapa kwa EPCR. Kipokezi kibaki kuwa jina la jumla la kundi zima. Ama kuhusu malaria, umbo la namna ya (3a) lisiundwe hata kidogo. Kipokea-malaria kingekuwa kosa la sayansi kabla ya kuwa kosa la lugha, kwa kuwa mtenda wa tendo hilo ni kimelea. Kishazi rejeshi kinatosha: protini inayoshikwa na kimelea. Hiki kirejeshi, ambacho wataalamu wa istilahi hukidharau kwa urefu wake, humweka kila mmoja mahali pake, anayeshika na anayeshikwa.

Mantiki hiyohiyo inaihusu protini iitwayo basijini, iliyo juu ya seli nyekundu. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger ya Uingereza, wakitumia protini zilizotengenezwa maabara, walionyesha kwamba kimelea huishika kwa protini yake RH5 ili kuingia ndani ya seli. Chanjo inayolenga RH5 ilikwisha kufanyiwa majaribio ya awali Bagamoyo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2023. Katika kuieleza kwa umma, kinachozuiwa ni mkono wa kimelea. Mwili wa mtu haukufunga wala kufungua chochote.

5.0 Mfano wa CD4

Wakati wataalamu wakijadili, wagonjwa walikwisha kuamua kuhusu kipokezi kingine. Tangu dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure katika vituo vya huduma nchini Tanzania mwaka 2004, jina CD4 limeingia katika mazungumzo ya kawaida, likitamkwa kwa Kiingereza na kupewa sarufi ya Kiswahili: CD4 zangu zimepanda, CD4 zake zilishuka sana. Upatanisho ni wa ngeli ya I-ZI, kama ilivyo kawaida ya maneno ya mkopo. Hakuna kamati iliyoliingiza.

Maana yake, hata hivyo, imesafiri mbali. Kwa mwanabiolojia CD4 ni kipokezi kilicho juu ya uso wa baadhi ya seli za kinga. Kwa mgonjwa ni seli zenyewe, na mara nyingi zaidi ni idadi yake. Washauri wa vituo wamezoea kuzieleza kama askari wa mwili, maelezo ambayo yanafaa kwa seli lakini yanageuza kipokezi juu chini, kwa sababu protini ya CD4 ndiyo hasa ambayo virusi huishika ili kuingia, kikisaidiwa na kipokezi kingine, CCR5, kilichojulikana kwa kazi hiyo mwaka 1996. Kama CD4 ni askari, basi kipokezi ni mkanda wake ambao adui anaudaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 palitengenezwa CD4 ya maabara isiyo na utando, kwa matumaini kwamba virusi vitaishika hiyo na kuziacha seli. Neno chambo lingeyaeleza majaribio hayo barabara. Yalishindwa: virusi vya maabara vilinaswa, virusi vilivyotoka kwa wagonjwa havikunaswa kwa kiasi cha kufaa. Tangu Tanzania ilipoanza, mwaka 2016, kufuata utaratibu wa kumpa dawa kila anayegunduliwa kuwa na virusi, idadi ya CD4 imeacha kuwa sharti la kuanza tiba. Neno limebaki.

Historia hiyo inatoa tahadhari kwa wanaopendelea risepta. Neno la mkopo hukubalika upesi pale linapomgusa mtu moja kwa moja, lakini kwa kuwa halina mzizi unaolishikilia katika lugha, maana yake huenda popote mahitaji yanapoipeleka.

6.0 Bandia, unganishwa, bebeshwa

Limebaki neno la pili, lile linaloeleza kwamba protini imetengenezwa kwa kuhamisha jeni. Tafsiri inayokuja haraka ni protini bandia. Inafaa ikataliwe bila ya kusita. Bandia kwa Kiswahili cha leo ni noti bandia na dawa bandia, na protini iliyomo kichupani si ya kughushi: mpangilio wa asidi zake za amino, isipokuwa ule mkia na sehemu iliyoondolewa, ni uleule wa mwilini. Unganishwa upya hutafsiri vipande vya neno la Kiingereza kwa uaminifu, lakini kwa Kiswahili kinachounganishwa upya ni kile kilichokuwa kimevunjika. Rikombinanti haina kosa wala msaada.

Wakulima wa Kilimanjaro na wa sehemu nyingine za Tanzania wanalo neno. Kikonyo cha mwembe au mparachichi wa aina bora kinapofungwa juu ya shina la mche mwingine, hufanywa kazi iitwayo kubebesha, na mche huo huwa umebebeshwa. Shina hulisha, hupeleka maji na kustahimili udongo. Tunda linalozaliwa ni la kikonyo. Kwa kulinganisha, seli ya hamsta hulisha na kufanya kazi. Protini inayozaliwa ni ya binadamu. Ulinganifu huo una kasoro moja ambayo ni haki kuitaja: mbegu ya tunda la mche uliobebeshwa hairithi muungano ule, ilhali seli iliyopokea jeni huweza kuirithisha kwa seli zinazotokana nayo. Kasoro hiyo haiathiri maana inayotafutwa, yaani kwamba mwenye kuzalisha na mwenye aina ni viumbe wawili tofauti. Inapendekezwa basi jeni bebeshwa, protini ya jeni bebeshwa, na kwa plazimidi, pale inapohitajika jina la kazi yake, kibebeshi. Dhana yenyewe haikuja jana katika eneo hili. Mwaka 2005 Chris Drakeley na wenzake walichapisha utafiti uliopima kingamwili za wakazi wa miinuko mbalimbali ya kaskazini mashariki mwa Tanzania, Kilimanjaro ikiwemo, kwa kutumia protini za kimelea zilizotengenezwa kwa njia hii.

Neno bebeshwa lina manufaa mengine, nayo ndiyo mazito zaidi. Hofu ya mumiani, watu wanaodaiwa kuwanyonya wengine damu, ilienea Afrika Mashariki katika enzi ya ukoloni, na Luise White ameionyesha kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2000. Palipo na kumbukumbu kama hiyo, protini ya binadamu, kwa utata uleule wa (2c), huuliza swali moja: binadamu yupi? Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyetolewa damu. Lakini jibu la kweli lina sehemu ya pili. Ikiwa protini ilitengenezwa katika seli za HEK293, asili ya seli hizo ni kijusi, na Kilema, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1891, wapo wazazi watakaotaka kulijua jambo hilo kabla ya kuamua. Istilahi haiwezi kuwaamulia. Inaweza tu kutolificha, na kubebesha ni kitenzi kinachodai kitajwe aliyebeba.

7.0 Matumizi katika maelezo ya ridhaa

Maelezo yafuatayo yameandikwa kwa kufuata mapendekezo hayo, kwa utafiti wa kubuni wa aina iliyoelezwa katika 2.0:

(4) Ndani ya mishipa ya damu ya kila mtu kuna vitu vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyosaidia damu isigande ovyo. Kila mtu anavyo. Kuwa navyo si ugonjwa wala si kasoro ya ukoo. Vimelea vya malaria huvishika vitu hivyo kwa nguvu, na hapo mtoto huweza kuugua sana. Maabara ina vitu vya aina hiyo vilivyotengenezwa na seli za hamsta zilizobebeshwa jeni ya binadamu. Havikutolewa katika damu ya mtu yeyote. Tunaomba damu ya mtoto, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, tuone kama mwili wake umekwisha kutengeneza kinga ya kuvizuia vimelea visishike. Ukikataa, mtoto atatibiwa vilevile.

Neno kipokezi halimo katika (4). Mahali pake, na mahali pa kipokea-protini C cha mishipa, ni katika nakala inayobaki kwa watafiti na katika mihadhara ya wanafunzi wao. Kama seli zilizotumika ni za HEK293, sentensi ya tano hubadilika, na msomaji wa maelezo hayo anapaswa kuwa tayari kwa maswali yatakayofuata.